Filamu moja ya Krismasi, hukumu mbili

Wanaoisifu na wanaoilaumu Un conte de Noël, filamu ya Arnaud Desplechin ya mwaka 2008, huanzia mahali pamoja: nyumba ya akina Vuillard mjini Roubaix, Ufaransa, ambako Junon, anayeigizwa na Catherine Deneuve, anahitaji kupandikizwa uboho, na watoto wake waliokosana wanarudi kwa sikukuu.

Wanaolaumu husema kwamba kwa saa mbili na nusu mtazamaji anarundikiwa visa vingi mno, na kwamba chuki ya Elizabeth, aliyekubali kumlipia nduguye Henri madeni kwa sharti la kutomwona tena, haielezwi chanzo chake. Kuhusu urefu, sibishani nao.

Wanaosifu huishika chuki hiyohiyo isiyoelezwa na kuigeuza kuwa sifa, kwa kuwa ugomvi wa ndugu mara nyingi hudumu hata baada ya chanzo chake kusahauliwa. Ushahidi wao bora ni pale Junon na Henri wanapoambiana kwa utulivu, kama watu wanaozungumzia mvua, kwamba hawakupata kupendana, ilhali mwana huyo asiyependwa ni mmoja wa wawili tu katika familia ambao uboho wao unamfaa mama. Wanaoiita filamu hii baridi hawajamtazama vizuri Jean-Paul Roussillon, baba mpole wa nyumba hiyo, aliyepewa César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, mwaka 2009 kwa haki kabisa.

Mimi niko upande wa wanaosifu, ingawa dakika 20 zingeweza kupunguzwa bila hasara.