Lifti Zisizo na Vitufe Ndani: Uzoefu Wangu Kwenye Jengo la Ofisi Posta

Ofisi yetu iko ghorofa ya 17 kwenye jengo moja katikati ya Posta, Dar es Salaam. Jengo lina lifti nne, na mwaka jana mwenye jengo aliamua kubadilisha mfumo unaoziendesha. Lifti ni zilezile. Zilizoongezwa ni skrini za kuandika namba ya ghorofa, vihisi vipya vya uzito sakafuni, na miale isiyoonekana inayokatiza mlangoni kuanzia chini hadi juu.

Mfumo wa namna hii hupimwa asubuhi. Zamani, ikikaribia saa mbili, watu walijaa pale chini, na lifti ya kwanza kufunguka ilivamiwa. Halafu ikaanza: ya 3, ya 4, ya 6, ya 7, ya 9, inashusha kila kituo kama daladala. Siku hizi unaandika unakokwenda kabla hujaingia, skrini inakujibu kwa herufi: nenda B. Wa 15, 16 na 17 tunawekwa pamoja, wa 5 na wa 6 wanapelekwa D.

Nisiwadanganye, kusubiri kule chini hakujapungua sana. Kuna wakati unaona lifti A imefunguka na nafasi ipo, lakini wewe umepangiwa C ambayo bado iko juu huko. Inaudhi, na wapo wanaojipenyeza A kwa hasira, kisha wanagundua kwamba haisimami kwao. Ila ukishaingia C, inasimama mara moja au mbili, umefika. Ukihesabu kuanzia mlango wa jengo hadi kwenye kiti chako, muda umepungua kweli.

Wazo lenyewe la kuuliza abiria anakokwenda kabla hajapanda ni la zamani. Leo Port, mhandisi wa Sydney ambaye baadaye alikuwa Meya wa jiji hilo, alilipatia hataza mwaka 1961. Tatizo ni kwamba lifti za enzi zile ziliendeshwa kwa swichi za umeme, na swichi haziwezi kupiga hesabu za nani apande na nani. Ilibidi kompyuta ndogo zije kwanza, ndipo miaka ya 1990 kampuni ya Schindler ikaanza kuuza mfumo wa aina hiyo.

Kilichonifurahisha zaidi ni vihisi vya uzito. Lifti ikikaribia kujaa, inazipita ghorofa zenye watu wanaosubiri, na hao wanapewa nyingine. Zamani mlango ulikuwa unafunguka ghorofa ya 8, mnatazamana na watu wasio na pa kukanyaga, unafungwa, mnaendelea. Jambo hilo limepungua sana, lakini halijaisha, kwa sababu kihisi kinapima kilo, hakioni nafasi. Akiingia kijana na maboksi ya vikombe vya karatasi yaliyopangwa hadi karibu na dari, sisi tumebanwa ukutani, ila mfumo unaona lifti nyepesi na unaendelea kuisimamisha. Zipo kamera za darini zinazopima eneo la sakafu lililobaki wazi. Kwetu hazikufungwa, nadhani kwa sababu ya bei.

Halafu kuna sisi binadamu. Mfumo unaamini ulichoandika. Watu kumi wa semina wanafika, mmoja anaandika 12, wengine wanamfuata nyuma. Hesabu inasema anakuja mtu mmoja. Asiye na subira naye anaandika 12 mara tano akidhani ataharakishiwa, anatengewa nafasi tano, na lifti inaondoka nusu tupu huku wengine wameachwa. Miezi ya mwanzo ilikuwa vurugu, nilishaanza kusema fedha zimeliwa. Mambo yalitulia geti la kadi lilipounganishwa na lifti: unagusisha kadi, geti linafunguka na kukuonyesha herufi papo hapo. Kadi moja, mtu mmoja. Kama mwenye jengo lenu anafikiria mfumo huu, mwambieni asitenganishe vitu hivi viwili.

Wageni wasio na kadi bado wanapata tabu. Juzi mzee mmoja aliingia na bahasha yake, akapapasa ukuta mzima akitafuta vitufe. Mlinzi akamfuata mbio: "Shikamoo mzee. Samahani, tunaanzia huku nje kwenye skrini." Mzee akamjibu, "Marahaba. Sasa humu ndani mmeweka nini?" Tulicheka, lakini alikuwa na hoja. Na ile sauti inayotangaza ghorofa inazungumza Kiingereza tu, hapa Posta! Kwa asiyeona vizuri, sauti ndiyo kila kitu. Kitufe chenye alama ya kiti cha magurudumu kwenye skrini angalau kinafanya kazi nzuri: mlango unakaa wazi muda mrefu na lifti haijazwi.

Jioni lifti zisizo na kazi zinapanda zenyewe kwenda kusubiri ghorofa za juu, na asubuhi zinarudi chini. Umeme ukikatika, betri inaisogeza lifti hadi ghorofa ya karibu na kufungua mlango. Baada ya hapo jenereta inabeba lifti mbili tu, na skrini zinaacha kabisa kutaja zile nyingine.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya saa saba mchana, watu wanaposhuka kula na chakula cha wengine kinapanda. Uongozi wa jengo ulishatangaza kwamba wanaoleta chakula watumie lifti ya mizigo. Tangazo limebandikwa ndani ya lifti C, na ndimo ninamokutana nao kila siku na mahotpoti yao.