Nilionyeshwa picha zote zipo, nikalipa, hazifunguki: uzoefu wangu na programu ya kurudisha picha kwenye memori kadi

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie. Programu yenyewe siitaji jina ila ni ile aina mnayoijua, unaipakua bure, inaskani kadi bure, inakuonyesha picha zako zote bure, halafu ukibonyeza kuhifadhi ndio inakwambia kalipie leseni kwanza.

Kadi ilikuwa na picha za bibi. Alikuja kukaa kwetu muda mrefu kidogo na sijui kama atasafiri tena maana miguu haimpi, kwa hiyo hizo picha hazina mbadala. Betri ya kamera ikakata wakati kamera bado inaandika kwenye kadi, kuiwasha tena inaniambia kadi haisomeki, nifomati. Sikufomati. Nikaichomoa, nikasukuma kile kiswichi cha pembeni kinachozuia kuandika, nikatengeneza nakala ya kadi nzima kwenye laptopu kwa kutumia ddrescue, programu ya kunakili kadi au diski yenye hitilafu, na kila kilichofuata nilifanyia kwenye nakala, kadi yenyewe ikakaa kando. Naeleza hivi kwa sababu watu wa huduma kwa wateja baadaye walikuja kuniambia mambo, mtayaona.

Sasa nikaskani. Jamani, picha zote zikatokea! Majina yale yale ya kamera, tarehe, ukubwa wa faili, na kando ya kila faili kapicha kadogo, bibi huyu hapa anacheka, huyu hapa na wajukuu. Pembeni kuna alama ya kijani imeandikwa hali ya faili ni nzuri sana. Mtu gani ataona hivyo asilipe? Nikalipa hapo hapo. Zikahifadhiwa, nikafungua folda, nikabonyeza ya kwanza, haifunguki. Ya pili, haifunguki. Nyingine inafunguka ukanda mwembamba juu halafu chini yote kijivu, nyingine nusu ni bibi na nusu ni ukuta wa picha tofauti kabisa na rangi za ajabu. Chache zilifunguka vizuri, nisiwe mwongo, lakini nyingi hapana.

Nikawaandikia. Jibu lililokuja bado nalikumbuka: programu imefanya kazi yake, faili zimerudishwa, kufunguka au kutofunguka kunategemea hali ya kadi, na inawezekana mteja aliendelea kutumia kadi baada ya tatizo. Mimi! Mimi niliyeisukumia kiswichi na kufanya kazi kwenye nakala! Nikawauliza swali moja tu, kama faili imeharibika mbona mlinionyesha picha yake kabla sijalipa? Hilo hawakulijibu, wakanitumia kiungo cha maelekezo ya kuskani upya.

Jibu la hilo swali nimelipata mwenyewe na ndilo lililonifanya niandike. Faili ya jpeg, ile aina ambayo kamera nyingi huhifadhia picha, inaanza na baiti FF D8, na mwanzoni mwake kuna sehemu ya Exif yenye tarehe, aina ya kamera na kijipicha, mara nyingi pikseli 160 kwa 120 tu. Sehemu hiyo yote haizidi kilobaiti 64, wakati picha yenyewe ni megabaiti kadhaa. Kile nilichoonyeshwa ni kijipicha! Sio picha yangu, ni kile kidude cha mwanzoni kabisa mwa faili. Kikiwa salama inaonekana picha ipo, hata kama megabaiti zote zinazofuata ni takataka.

Na takataka zilitoka wapi? Kadi yangu ni ya FAT32, yaani mfumo wa kupanga faili kwenye kadi. Kwenye FAT32 folda inahifadhi jina, ukubwa na mahali faili inapoanzia basi, inapoendelea baada ya hapo kunaandikwa kwenye jedwali la FAT, na jedwali langu ndilo lililoharibika betri ilipokata. Sasa ukipiga picha, ukafuta zilizotoka na ukungu, ukapiga nyingine, hizo mpya zinaingia kwenye mapengo, faili moja inagawanyika vipande huku na kule. Programu bila jedwali inajua mwanzo na ukubwa, inachukulia tu kwamba faili imenyooka moja kwa moja, inabeba vyote vilivyofuata hata kama ni vya picha ya jirani. Ndio maana jina sahihi, ukubwa sahihi, kijipicha sahihi, picha haipo. Na wao wanalijua hili, ni kazi yao, halafu wanaweka alama ya kijani.

Nikahamia PhotoRec ya Christophe Grenier, programu nyingine ya kurudisha faili. Ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, sura yake inatisha kidogo, maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, unaenda kwa mishale ya kibodi (ipo pia yenye madirisha inaitwa QPhotoRec). Hii haihangaiki na jedwali, inapita kadi nzima ikitafuta mianzo ya faili, na jpeg ikigundua imevunjika inaikataa badala ya kukupa maiti. Mara ya kwanza ikatoa picha chache kuliko nilivyotegemea, nikakata tamaa. Halafu kwenye chaguo zake kuna ile ya kulazimisha kuunganisha jpeg zilizogawanyika, wanakuonya kabisa kwamba inaitesa prosesa. Nikaiwasha, laptopu ikahema usiku kucha, asubuhi picha zilizokuwa kijivu zimefunguka, nzima, za bibi, ukubwa kamili. Nililia, sioni aibu kusema. Sio zote, zipo zilizogoma mpaka leo, ila nyingi mno kuliko nilizolipia.

Na angalieni hiki: PhotoRec inavitoa vijipicha pia, lakini inavihifadhi peke yake kwa jina linaloanza na t, picha zenyewe zinaanza na f. Hapo ndipo nilipokiona kile kile nilichoonyeshwa kabla ya kulipa, kidogo kama kidole gumba, kimekaa kama faili yake. Programu ya bure imenitenganishia vitu viwili ambavyo ya kulipia ilivichanganya makusudi. Nasema makusudi, na kama sio makusudi basi wajitokeze waseme.

Nilitaka kuwa wa haki. Ile ya kulipia ilirudisha majina na mpangilio wa folda, PhotoRec inapoteza majina yote unabaki na f na tarakimu nyingi, vurugu tupu. Kwa hilo nikasema niwape nyota mbili, na kama mtu kadi yake ilifutwa tu na haina vipande vipande huenda itamfaa kabisa. Lakini nyota zenyewe sijazibonyeza bado nikakutana na ExifTool, nayo bure, inasoma tarehe ya kupigwa iliyomo ndani ya picha na kubadilisha majina ya folda nzima kwa amri moja. Picha zangu sasa zimejipanga kwa siku na saa. Kwa hiyo hata hilo la majina limeondoka. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu haiwezekani kuacha tupu.

Hela nimeomba nirudishiwe, wamefunga ombi wakaandika limetatuliwa. Nimelifungua tena. Safari hii sidai hela tu, nataka chini ya vile vipicha waandike neno kijipicha na ukubwa wake, na kabla ya kuchukua hela ya mtu wamruhusu afungue hata faili moja nzima, aikuze, aone mpaka chini. Kama unakaribia kulipia programu ya namna hii na haikuruhusu hivyo, usitoe hela, peleka nakala ya kadi kwenye PhotoRec kwanza.