Tahadhari: wauzaji wa "uso mwembamba kwa siku 3" wanakuuzia maji

Tangazo huja na picha mbili. Kushoto mashavu yamejaa na kidevu kimepandana na kidevu kingine. Kulia taya limechongeka kama limepigwa randa. Chini yake: siku tatu tu, bila mazoezi, bila kujinyima, njoo inboksi. Bidhaa yenyewe ni chai, kidonge, krimu, kamba ya kufunga kidevu usiku, au kichupa cha sindano. Kabla hujatuma hela, piga hesabu hii.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Mtu mzima hutumia kwa kawaida kama kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Kwa hiyo hata akishinda na kulala njaa siku tatu mfululizo, asitie mdomoni chochote ila maji, bado hajamaliza kuunguza kilo moja ya mafuta. Na hicho alichounguza kimetoka mwili mzima, tumboni, mapajani, mgongoni, mashavuni kijisehemu tu. Mwili hauendi kutafuta mafuta pale ulipopaka krimu. Uso uliopungua kweli ndani ya siku tatu umepungua maji.

Maji ya uso hupanda na kushuka kila siku bila kumlipa mtu. Ukilala, maji yaliyotuama miguuni mchana husambaa mpaka usoni. Ukila chumvi nyingi usiku au ukinywa pombe, unaamka kope nzito. Jipime mwenyewe: egemeza simu mahali pamoja, simama hatua mbili kutoka hapo, piga picha ukiamka na nyingine jioni, taa ileile. Ukiona tofauti, hayo ni maji, maana mafuta hayahami ndani ya saa kumi. Muuzaji anakuuzia tofauti hiyo hiyo.

Chai na vidonge vyake vinafanya kazi, na hapo ndipo mtego ulipo. Bidhaa za kupunguza mwili zimekutwa mara nyingi zikiwa na dawa ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti, zikiwemo dawa za kukojoza kama furosemidi. Furosemidi ya kumeza huanza kazi ndani ya saa moja na nguvu yake huisha baada ya saa sita hadi nane. Mteja anakwenda chooni mara nne, mizani inashuka kilo moja (ambayo ni lita moja ya mkojo, basi), mashavu yanalegea kidogo, anatuma ushuhuda. Akiacha, mwili uliokaushwa unashika maji kwa nguvu siku chache zinazofuata na uso unavimba kuliko mwanzo. Anarudi kwa muuzaji akilalamika, anaambiwa sumu zinatoka, ongeza dozi, nunua pakiti ya pili. Hivyo ndivyo biashara inavyojiendesha.

Pamoja na maji hutoka potasiamu, madini yanayoendesha misuli na moyo. Dalili za kupungukiwa nayo ni misuli kukaza, hasa ya mguu usiku, mwili kuishiwa nguvu, na moyo kurukaruka. Kwa mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo hilo si jambo la kusubiri kesho. Chai nyingine huwa na sanamaki, jani la kuharisha, na hizo angalau utazijua kwa tumbo. Nyingine zimekutwa na sibutramini, dawa ya kuzuia njaa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Chai ya majani matupu ikikufanya usisikie njaa siku nzima, huku moyo unakwenda mbio na mdomo umekauka, kuna kitu kimetiwa humo.

Krimu nyingi ni hasara ya hela tu: kafeini, mentoli, kitu cha kuwasha, halafu unaambiwa ufunge uso kwa nailoni usiku kucha. Unatoka jasho, asubuhi ngozi imebana, mchana imerudi. Lakini ogopa ile inayolainisha na kung'arisha uso kwa siku chache. Huenda ina steroidi (dawa ya homoni ya kutuliza uvimbe) kali kama klobetasoli, isiyoruhusiwa usoni, ambayo hata sehemu nyingine za mwili hutumika si zaidi ya wiki mbili mfululizo na si zaidi ya gramu 50 kwa wiki. Steroidi ikiingia mwilini kwa muda mrefu hujaza uso mpaka unakuwa duara kama mwezi. Yaani mtu ananunua dawa ya kupunguza mashavu kutoka kwenye chupa inayoyaongeza. Kama umeitumia kwa miezi, usiiache ghafla. Mwonyeshe daktari chupa akupunguzie taratibu.

Kipira cha kutafuna "kuchonga taya" kina kosa la aina yake. Msuli wa kutafunia uko pembeni ya taya, chini ya sikio. Uma meno utausikia ukituna chini ya vidole. Ukiufanyisha mazoezi unakua kama msuli wa mkono, na ukikua uso unapanuka pale pale ulipotaka uwe mwembamba. Zaidi ya hayo kuna kiungo cha taya kinachoanza kulia kila ukipiga mwayo, na meno yaliyozibwa yanayomeguka. Kamba ya kidevu nayo husukuma maji pembeni, na ndani ya saa chache yamerudi. Anayekoroma au mwenye pua iliyoziba asilale nayo, kwa kuwa inamfunga mdomo anaouhitaji kupumulia.

Sindano ndiyo iliyotufanya tuandike tahadhari hii, kwa sababu yenyewe haichezei maji. Ipo dawa halali, asidi ya deoksikoliki, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu pekee. Mashavu hayamo. Matumizi yake yana vipimo: miligramu 10 katika kila mililita, mililita 0.2 kwa kila tundu, matundu yakiachana sentimita moja, yasizidi 50 kwa mara moja, vipindi visizidi sita na kati ya kimoja na kingine upite angalau mwezi. Hata anayefanyiwa sawasawa huvimba siku kadhaa kabla ya kuona nafuu. Kwa hiyo anayekuahidi sindano ya mashavu na matokeo wikiendi hii amekwisha kujianika.

Dawa hiyo hupasua utando wa seli, na haijui hii ni ya mafuta na ile ni ya mshipa wa fahamu. Kandokando ya mfupa wa taya unapita mshipa wa fahamu unaoendesha msuli wa kuvuta pembe ya mdomo wa chini. Ukiguswa, tabasamu linakwenda upande kwa wiki au miezi. Dawa ikidungwa juujuu badala ya ndani, ngozi inaoza na kuacha kidonda. Shavuni kuna matawi ya mshipa wa fahamu wa uso na mfereji wa mate. Vichupa vinavyouzwa mtandaoni "ujidunge mwenyewe nyumbani" havina uthibitisho wa kilichomo wala wa usafi wake, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeshaonya juu ya sindano za namna hiyo. Tatizo lingine huchelewa: wiki kadhaa baadaye vinatokea vinundu vyekundu vinavyotoa usaha na havisikii antibayotiki za kawaida, kwa sababu vimesababishwa na bakteria wa maji walio ukoo mmoja na wa kifua kikuu. Matibabu yake ni ya miezi.

Ukiwa umeshadungwa, angalia hivi: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ngozi kuwa nyeupe kisha madoa ya zambarau kama wavu, malengelenge, kushindwa kumeza, mdomo kwenda upande. Kimojawapo kikitokea, nenda hospitali siku hiyo hiyo na kichupa mkononi, hata kikiwa kitupu. Usikande, usiweke barafu wala maji ya moto, na usikubali muuzaji akupe "sindano ya kurekebisha".

Kuhusu zile picha, tazama masikio kwanza. Kamera ikiwa karibu sana, masikio hujificha na uso huonekana mwembamba. Ikirudi nyuma, masikio yanatokea na uso unapanuka. Halafu kidevu: picha ya "kabla" kimevutwa ndani na kamera iko chini, ya "baada" kimesukumwa mbele na mwanga unatoka upande. Hereni zilezile na mkunjo uleule wa shati maana yake zimepigwa dakika chache kati yao.

Kwenye malipo kuna michezo miwili. Wa kwanza ni "bure, lipia usafirishaji tu": ukiingiza namba za kadi umekubali kukatwa kila mwezi, maandishi yenyewe yakiwa madogo chini kabisa. Kufuta programu hakusaidii. Piga benki wazuie kadi na upinge makato. Wa pili ni mzigo "uliokwama forodhani" unaohitaji ada, kisha ada nyingine juu ya ada. Acha kulipa kuanzia ile ya kwanza, hifadhi mazungumzo na risiti kabla hujazuiwa, kisha ripoti.

Anayetaka kupunguza uso kwa njia ya kweli atapunguza mwili mzima, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, na huenda miezi miwili ikapita kabla kioo hakijakubali. Wengine mashavu yao ni ya kuzaliwa na hayatashuka sana.

Na kuna uso ambao si wa kupunguza bali wa kupimwa. Macho yanayovimba kila asubuhi na mkojo wenye povu, pima figo. Uso mzito pamoja na kusikia baridi, kukosa choo na uchovu, pima tezi ya shingo. Uvimbe wa upande mmoja wenye maumivu, anza na meno na tezi za mate. Uso uliojaa ghafla baada ya vidonge vya kunenepesha, vipeleke vidonge hivyo kwa mfamasia, kwani deksamethasoni, nayo ni steroidi, imekutwa humo mara nyingi.