Gari la kukodi Calgary: "Kila kitu kipo kwenye buti"

Kabla hujasaini karatasi yoyote pale kaunta, toka nje, fungua buti, inua kapeti, uangalie kwa macho yako mwenyewe. Usimuulize mtu. Sisi tuliuliza. Mume wangu aliuliza kwa adabu zote, kama mtu aliyelelewa: "Samahani ndugu, spea ipo?" Yule kijana hakunyanyua hata macho kwenye kompyuta yake. Akasema, "Kila kitu mnachohitaji kipo kwenye buti." Tukashukuru. Tukashukuru, jamani!

Jina la kampuni silitaji, mume wangu amenikataza mpaka suala la hela zetu liishe. Nyota nimetoa moja. Ngojeni niwaeleze, labda nitaongeza, labda nitaipunguza hiyo hiyo.

Tunaishi Toronto, Kanada, mji ambao ukitaka kupanda mlima unapanda ngazi za stesheni. Ndoa yetu imetimiza miaka kumi na mitano, tukasema watoto wabaki kwa shangazi yao, sisi wawili turuke mpaka Calgary, magharibi kule karibu na milima, tukodi gari, tuzunguke hifadhi za Banff na Jasper tukaone maziwa ya milimani kabla magoti hayajaanza kukataa. Ilikuwa majira ya joto, yale ambayo jua linazama saa nne usiku na mwili haujui ulale saa ngapi. Tuliagiza gari dogo, tukapewa kubwa bila kuongezewa bei. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Siku mbili za kwanza sina neno. Kwenda Moraine Lake, ziwa moja la Banff, magari ya watu binafsi hayaruhusiwi tangu 2023, kwa hiyo lile gari la kifahari tuliliacha kwenye maegesho tukapanda basi la hifadhi alfajiri. Na nadhani mmeona: siku iliyokwenda vizuri kuliko zote ni ile ambayo gari la kukodi hatukuligusa. Maji ya pale siwezi kuyaeleza. Barafu iliyoko juu inausaga mwamba mpaka unakuwa unga laini kuliko wa muhogo, unga unashuka na maji yaliyoyeyuka, unaelea ziwani hautui, na jua likipiga ndio rangi ile inatoka. Mume wangu alitazama akanyamaza, kisha akasema, "Hapa mtu kamwaga bluu ya kufulia." Ziwa hilo hilo liliwahi kukaa nyuma ya noti ya dola ishirini ya Kanada. Dola ishirini. Shikeni hesabu hiyo, tutaihitaji.

Sasa barabara. Kutoka Lake Louise mpaka Jasper ni zaidi ya kilomita 230, inaitwa Icefields Parkway. Kituo cha mafuta katikati kiko kimoja tu, pale Saskatchewan River Crossing. Mtandao wa simu hakuna karibu njia nzima. Hii si siri, na kampuni inayokodisha magari Calgary inaijua kuliko mimi. Watu wanaotua pale Julai na masanduku na kofia za jua wanadhani wanaelekea wapi, kwenye harusi?

Tulisimama Peyto Lake, ambalo ukilitazama kwa juu lina umbo la kichwa cha mbwa mwitu. Tukajaza mafuta pale Crossing, bei yake usiniulize. Tukaenda kama kilomita thelathini mbele, tukapita ukuta mkubwa wa mwamba unaotiririsha maji kila mahali, wenyewe wanauita Weeping Wall, ukuta unaolia. Mbele yake kidogo tukatoka pembeni kupiga picha. Tuliporudi barabarani nikasikia fu-fu-fu, usukani ukaanza kuvutia kulia.

Pancha. Tairi la mbele kulia, limechanika ubavuni, ufa kama kidole changu kidogo.

Mume wangu hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Kabla hatujahamia huku aliendesha Dar–Mbeya miaka sita. Ile barabara inakata katikati ya hifadhi ya Mikumi, tembo huku, twiga kule, na hakuna dereva mwenye akili timamu anayeingia Mikumi bila spea na jeki. Hata ukiishiwa, lori litasimama, utingo ataruka chini na spana mkononi kabla hujamaliza kueleza. Basi akakunja mikono ya shati. Akatoa masanduku, akatoa deli la maji na soda, akatandika khanga yangu chini (khanga yangu mpya!), akainua kapeti ya buti, akainua na kile kibao cha chini.

Pale ambapo spea ingelala palikuwa na foma jeupe la duara, ile sponji ngumu, limechongwa vizuri kabisa, na ndani yake wamelaza pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, na kopo la gundi. Basi. Jeki hakuna. Spana hakuna. Alisimama kama mtu aliyefunua sufuria ya wali akakuta maji matupu.

Wasiojua wajue: gundi ile inaziba tundu la msumari kwenye kashata, pale tairi linapokanyaga lami. Ubavu ukichanika haiwezi kitu. Tulijaribu hata hivyo. Pampu ililia kama mbuzi, uji mweupe ukatokea ubavuni ukatiririka kwenye kokoto. Kopo likaisha. Kila kitu mnachohitaji kipo kwenye buti!

Ikabidi mume wangu aombe lifti kurudi Crossing kutafuta simu. Wazee wawili wenye nyumba ya magurudumu wakamchukua, mimi nikabaki na mizigo. Asubuhi ile tulikuwa tumemwona dubu mweusi kando ya barabara, watu wamesimamisha magari msururu mzima kumpiga picha. Kanuni ya hifadhi inasema ukae mita 100 mbali na dubu. Sawa, mimi nimeisoma. Dubu naye kaisoma? Nilikaa ndani ya gari, vioo juu kwa sababu mbu wa kule hawana mchezo, mapajani nimeshika kopo la pilipili ya dubu, ile ya kumpulizia akikujia. Tulianza safari tukiwa na makopo mawili, moja la dubu, moja la tairi. La tairi lilikuwa limekwisha, na la dubu nilikuwa sijui linafunguliwaje. Nikakaa saa mbili na nusu. Nilimaliza korosho zote. Nilisoma mkataba wa gari mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo, nakiri, lingefaa kufanyika mapema zaidi. Neno spea halimo mahali popote.

Huko Crossing mume wangu alipata simu ya mezani. Namba ya dharura ya kampuni ikapokelewa na mashine, kisha muziki, kisha dada mmoja mwenye sauti nzuri akamuuliza mara tatu kama yuko mahali salama. Halafu akataka namba ya nyumba, jina la mtaa na msimbo wa posta wa mahali gari lilipo. Mume wangu akamwambia, dada yangu, upande mmoja kuna mwamba, upande wa pili kuna mto. Akajibiwa kwamba mfumo hauendi mbele bila msimbo wa posta. Mzee mmoja aliyekuwa anasikiliza pale kaunta ndiye aliyemwandikia wa pale pale hotelini kwenye risiti, akamwambia, wape huo, wanyamaze.

Gari la kuvuta lilifika kama saa moja jioni. Na hapa lazima niwe mkweli: yule kijana dereva ni mtu na nusu. Mikono imejaa grisi mpaka viwikoni. Hakuuliza chochote, alikwenda moja kwa moja akafungua buti, akaona foma, akacheka kwa puani. Inaelekea si mara yake ya kwanza. Akapandisha gari juu ya lake, akatukalisha mbele pamoja naye, akatugawia kahawa yake kwenye kifuniko cha chupa. Gereji iko Banff, zaidi ya kilomita 150 kurudi tulikotoka. Tulipofika Bow Lake, ambalo liko barabarani kabisa, akasimamisha gari bila kuombwa. Akasema, "Kilomita mnazilipia, tazameni basi." Jua lilikuwa linashuka, hakuna upepo, mlima wote umelala ndani ya maji kichwa chini, na sisi tumekaa kwenye gari la kuvuta, mume wangu ana uji wa gundi mpaka kwenye nyusi. Picha ile ndiyo nzuri kuliko zote nilizopiga safari nzima. Dereva yule nampa nyota tano, lakini yeye si wa kampuni, kwa hiyo kampuni isijipendekeze.

Kwa sababu nimepoteza nini? Nimepoteza Jasper. Mji ule uliungua Julai 2024, moto wa msitu uliteketeza karibu theluthi ya majengo, vyumba vya wageni vimekuwa vya kugombania. Cha kwetu nilikipata miezi mitano kabla, hela hairudi, na simlaumu mwenye chumba hata kidogo, yeye ana nyumba za kujenga. Nimepoteza Maligne Lake, ziwa la huko huko Jasper. Tiketi za boti ya kwenda Spirit Island nilikuwa nimeshazilipia, zawadi yangu kwa mume wangu, hata yeye hakuwa anajua. Ilibidi nimwambie pale gereji Banff, kesho yake saa tano asubuhi, boti imeshaondoka, tunasubiri tairi lishushwe. Akaniangalia akasema, "Mke wangu, kumbe ulikuwa na mipango." Nikalia kuliko ule ukuta.

Sasa tukarudisha gari. Kijana ni yule yule, na kompyuta ni ile ile. Nikamweleza. Akasema, safari hii akiniangalia kidogo, "Nilisema kila kitu mnachohitaji, mama. Spea hamkuihitaji, tuna huduma ya barabarani. Magari mapya siku hizi hayaji nayo." Nikamuuliza, na huduma hiyo ni bure? Si bure. Na tairi? Bima tuliyochukua haigusi matairi. Tairi, kuvuta na "usumbufu wa gari kukaa bila kazi" ikawa dola 740. Noti thelathini na saba za Moraine Lake. Usumbufu wa gari! Gari ndilo lililosumbuka, mimi nilikuwa napumzika na dubu.

Haya. Mume wangu atasoma hapa, kwa hiyo niseme na lile ambalo angelisema yeye. Pale tulipotoka pembeni hapakuwa mahali pa kusimama. Pa kusimama palikuwepo, mbele kidogo, na kibao chake. Mimi ndiye niliyepiga kelele, "Simama, simama hapa hapa, wingu linafunika!" Yeye akatoka kwenye lami kwa sababu yangu, na ukingoni mawe yalikuwa makali. Tairi halikupasuka lenyewe. Na gari lenyewe, tukiacha chuki, lilikuwa zuri: linapanda milima bila kelele, mafuta linakula kama ndege, viti havikuniumiza mgongo. Ningekuwa mtu wa haki ningetoa nyota mbili. Siku fulani hata tatu.

Lakini hata kama! Hata kama mimi ndiye niliyelitoboa kwa msumari wa mkono wangu, spea iko wapi? Pancha si ajabu, ndiyo maana spea ilibuniwa. Angesema tu, "Hapana, haipo, mkitaka tunawapa gari lingine," tungechagua. Kilichoniudhi si foma. Ni yule mtu kuulizwa swali la ndiyo au hapana, akatoa jibu linaloning'inia hewani.

Nikaandika malalamiko. Wiki kadhaa zikapita, juzi juzi wakajibu: wanasikitika, na "kama ishara ya nia njema" wanarudisha dola mia mbili. Nikasema, kumbe ni watu, nikaja hapa kuongeza nyota. Kisha nikasoma ule mstari wa chini wa maandishi madogo. Si hela. Ni vocha, inatumika ukikodi kwao tena, Calgary hapo hapo, mwisho Septemba ijayo. Nyota imerudi moja.

Tatizo ni kwamba mume wangu ameshaanza kuangalia tarehe za boti za Maligne. Usiku namkuta na simu, anapiga hesabu ya mia mbili. Nimemwambia sawa, twende, ila safari hii spea tunabeba wenyewe kutoka Toronto. Kopo la pilipili ya dubu walitukatalia kupanda nalo ndege. Tairi sijaona palipoandikwa.