Mafunzo ya moto na barabara kwa watoto, Majengo, Moshi

Nimewapeleka wanangu wawili, wa miaka saba na kumi, Jumamosi mbili mfululizo. Ada ni Sh 5,000 kwa mtoto, saa tatu asubuhi hadi saa sita, uji na maandazi humo humo. Mwalimu ni mzee mstaafu wa zimamoto. Watoto wote wanamwita Babu.

Kilichonifurahisha ni kwamba Babu hahubiri. Anakuja na mtungi mtupu wa gesi, jiko la mkaa na sufuria yenye mfuniko. Wale wakubwa kila mmoja anafunga koki kwa mkono wake, anafunika sufuria, anarudi nyuma: mafuta yakiwaka hayamwagiwi maji. Wadogo wanafundishwa jambo moja tu, toka nje uite mtu mzima. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi ya taa. Fungua mlango utoke, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Nimepika chapati za kuuza miaka tisa na hilo la swichi sikuwahi kuambiwa na mtu.

Halafu simu. Namba ya zimamoto ni 114, watoto wanaiimba. Babu anashika simu mbovu sikioni: "Zimamoto hapa, moto uko wapi?" Mwanangu mdogo akajibu, "Nyumbani kwa mama." Babu akamuuliza kwa upole, "Mama yupi, mjukuu wangu? Gari lipite njia gani?" Jumamosi ya pili alitaja mtaa, msikiti wa jirani na rangi ya geti letu. Kwangu hapo ada ilikuwa imesharudi.

Watoto walipokuwa wanakunywa uji, Babu alituita wazazi pembeni akatukumbusha shule ya sekondari ya Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, bweni lilipoungua na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Ndiyo maana analisisitiza somo hili la moto. Nilimheshimu sana kwa kutowasimulia watoto habari ile.

Barabarani ndipo nina malalamiko. Zebra ya chaki uwanjani ni nzuri, mtoto mmoja anakuwa bodaboda na anapiga honi kwa mdomo. Lakini kitabu cha picha wanachopewa kimetoka nje. Kinasema tazama kushoto kwanza, na moto ukitokea piga 911! Huku kwetu magari yanapita kushoto, kwa hiyo linalomfikia mtoto kwanza anaposhuka barabarani linatoka kulia. Tazama kulia, kushoto, kulia tena, na bodaboda zichunge pande zote. Babu alisahihisha kwa mdomo, ila kitabu ndicho kinachorudi nyumbani. Mwanangu mkubwa aliniuliza, "Mama, tufuate kitabu au Babu?" Nikawaeleza wahusika. Wiki iliyofuata 911 ilikuwa imebandikwa karatasi, picha ya kushoto bado ipo. Nawaomba wakiondoe kabisa, karatasi moja iliyoandikwa na Babu kwa mkono inatosha.

Na walipotoka kuvuka barabara ya lami yenyewe, watoto thelathini walikuwa na watu wazima wawili. Niliingia mstarini nikashika mikono. Wavushwe kumi kumi.

Nitawarudisha mwezi ujao, na nampeleka na mtoto wa dada yangu. Mvalishe mwanao nguo kuukuu: zoezi la nguo ikishika moto ni kusimama, kulala chini na kujiviringisha, na uwanja wote ni vumbi.