Uzoefu wangu na mkusanyo wa Clone Saga: vitabu kumi na kimoja na mkono wa idara ya mauzo

Mkusanyo ninaouandikia hapa ni ule ambao Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, ilianza kuutoa mwaka 2010: vitabu vitano vyenye jina la Clone Saga, vikifuatwa na vingine sita vyenye jina la Ben Reilly, ambavyo kwa pamoja vimekusanya mikasa ya Spider-Man iliyochapishwa kati ya mwaka 1994 na mwishoni mwa mwaka 1996. Nilivinunua vikiwa vimekwisha kutumika, kwa mafungu, kupitia kwa shemeji yangu anayeishi Dar es Salaam, na kila fungu lilipanda basi hadi Mbeya kama mzigo mwingine wowote. Nimevisoma vyote, baadhi yake mara mbili, na nimevijadili kwa kirefu na wasomaji wenzangu wawili: mwalimu wa hesabu wa Tukuyu, ambaye anasoma katuni tangu enzi za jarida letu la Sani, na dada mmoja muuguzi wa hapa mjini, ambaye akianza hadithi hakubali kuiacha njiani hata kama imemuudhi. Hukumu yangu naitoa mapema. Vitabu vya mwanzo vinastahili fedha yake mtu, vya katikati vinachosha, na chanzo cha uchovu huo hakimo ndani ya hadithi. Kimo katika idara ya mauzo.

Asiyeufahamu mkasa huu anahitaji maelezo, na nitajitahidi yawe mafupi kuliko mkasa wenyewe. Mwaka 1973 Gwen Stacy, mpenzi wa Peter Parker (kijana ambaye kwa siri ndiye Spider-Man), alikufa mikononi mwa adui yake Norman Osborn, yule Green Goblin, ambaye naye akafa katika toleo lililofuata. Wasomaji walilalamika sana. Mwaka 1975 mwandishi Gerry Conway akamrudisha Gwen kwa njia ya mzunguko: profesa wake wa chuo, Miles Warren, ajulikanaye kama Jackal, alikuwa amemtengeneza kloni wake, yaani nakala hai iliyokuzwa kutokana na chembe za mwili wake, katika maabara, na papo hapo akamtengeneza kloni wa Spider-Man mwenyewe. Spider-Man hao wawili walipambana, mmoja akadhaniwa amekufa, na aliyebaki akautupa mwili wa mwenzake ndani ya bomba la moshi. Peter alipimwa ili ajue kama yeye ndiye halisi, kisha akayatupa majibu bila kuyasoma, kwa hoja kwamba moyo wake ulikuwa kwa Mary Jane, mpenzi wake mpya, na kloni aliyetokana na chembe zilizochukuliwa zamani asingeweza kuwa na pendo hilo jipya. Ni hoja nzuri. Ilitosha kwa karibu miaka ishirini.

Mwaka 1994 yule aliyetupwa bombani akarudi akiwa hai. Anajiita Ben Reilly, jina alilolipata kwa kuunganisha jina la Ben, baba mkubwa wa Peter, na jina la ukoo wa May, mke wa Ben, kabla hajaolewa. Kinachomrudisha New York ni habari kwamba May, aliyewalea wote wawili (au aliyemlea mmoja, huku mwingine akibaki na kumbukumbu tu za kulelewa), yu mahututi hospitalini. Hapa ndipo mkusanyo huu unaponifanya nisijutie gharama yake. Ben ana utoto uleule, mapenzi yaleyale na hatia ileile ya kifo cha baba mkubwa, lakini hana haki ya kumwita mtu yeyote ndugu. Katika toleo la 400 la Amazing Spider-Man, la mwaka 1995, lililoandikwa na J. M. DeMatteis na kuchorwa na Mark Bagley, May anamwambia Peter kwamba amejua siri yake kwa muda mrefu, kisha anafia kitandani nyumbani kwake. Ben analia nje, kwa sababu hana nafasi ya kuingia msibani. Dada yetu muuguzi, ambaye ameona vifo vingi kazini na hababaishwi na machozi ya kuchorwa, alisema kwamba hajawahi kuona katuni ikikaa na mgonjwa kwa heshima namna ile, ikimpa muda wa kusema alilonalo kabla ya kuondoka.

Toleo hilohilo, hata hivyo, lilitolewa kwa jalada maalumu lenye nakshi ya jiwe la kaburi, kwa bei iliyozidi mara mbili ile ya toleo la kawaida. Ndani ya mkusanyo nakshi imekuwa wino wa kijivu tu, na nadhani hiyo ni nafuu kwa hadithi. Lakini jalada lile linaeleza zama zake kuliko utangulizi wowote. Mwaka 1991 toleo la kwanza la jarida jipya la X-Men, kundi jingine la mashujaa wa Marvel, liliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni nane, likiwa na majalada matano tofauti, kwa sababu watu wengi walinunua nakala kadhaa kwa matumaini ya kuziuza baadaye kwa faida. Mwaka 1992 wapinzani wao, DC, walimuua Superman na kuuza mamilioni ya nakala, na mwaka uliofuata wakamvunja Batman uti wa mgongo na kumweka mtu mwingine ndani ya vazi lake. Wahariri wa Spider-Man walipokaa kutafuta tukio la ukubwa huo, mwandishi Terry Kavanagh akapendekeza kloni wa mwaka 1975 arudi. Mpango wa awali ulikuwa wa miezi michache. Mauzo yalipokuwa mazuri, idara ya mauzo ikataka urefushwe, na ukarefushwa hadi kupita miaka miwili.

Namna ya kuurefusha ndiyo inayomchosha msomaji. Wakati ule Spider-Man alikuwa na majarida manne kwa mwezi, na mkasa ulihama kutoka jarida moja hadi jingine, hivi kwamba aliyenunua moja tu alipata robo ya hadithi. Ili majarida hayo yote yasikose la kusema, kila fumbo lilizaa fumbo. Anatokea Judas Traveller, mzee mwenye uwezo usio na mipaka na nia isiyoeleweka. Anatokea Scrier, kivuli kisichojulikana kinamtumikia nani. Anatokea Kaine, mwenye makovu usoni, na yeye walau anapata maelezo ya kuridhisha. Linatokea fuvu na mifupa ndani ya lile bomba la moshi, likiwa na mabaki ya vazi la Spider-Man, ingawa Ben anatembea barabarani. Baadhi ya waliofanya kazi katika ofisi ile walikiri hadharani miaka ya baadaye kwamba mafumbo haya yaliwekwa bila majibu yake kujulikana. Kibarua anayelipwa kwa siku hana haraka ya kumaliza tuta la viazi, na ndivyo zinavyosomeka kurasa hizo: unaona jembe likipanda na kushuka, tuta haliongezeki.

Mwalimu hakubaliani nami hapa, na mjadala wetu mkali zaidi ulikuwa juu ya jambo hili. Hoja yake ni kwamba katuni ya kila mwezi haijawahi kuwa kitu kingine zaidi ya biashara, na kwamba hata kifo cha Gwen tunachokililia kilipitishwa na watu waliokuwa na jarida la kuuza. Aliniuliza kama nadhani Sani ilikuwa sadaka. Nilimjibu kwamba tofauti ipo katika ahadi. Katika Sani, Ndumilakuwili na Lodilofa waliweza kuanza vituko vipya bila msomaji kudaiwa kukumbuka vya mwezi uliopita, ilhali Marvel walimwambia msomaji kwa miongo mitatu kwamba kila kilichotokea kimetokea, na kwa ahadi hiyo wakauza matoleo ya zamani, matoleo mapya na barua za wasomaji wanaobishana juu ya yote mawili. Aliyejenga mauzo yake juu ya kumbukumbu ya wateja hana ruhusa ya kuichezea kumbukumbu hiyo kila soko linapobadilika. Mwalimu alikubali nusu ya hoja na kusema, «Basi walaumu hesabu zao mbaya, kaka, usilaumu kwamba walikuwa na hesabu.»

Hesabu zao zilikuwa mbaya kweli. Katikati ya mwaka 1995 majarida yalitangaza kwamba Ben ndiye Peter halisi, na kwamba yule tuliyemfuata tangu mwaka 1975, aliyemwoa Mary Jane mwaka 1987, ndiye kloni. Nia ilikuwa kumpata tena Spider-Man kijana, asiye na mke, asiye na mtoto njiani, kwa kuwa wahariri waliamini kwamba ndoa inamzeesha shujaa. Peter na Mary Jane wakaondolewa ili waishi kwa amani, na Ben akavaa vazi jipya, ambalo kwa maoni yangu ni mojawapo ya mavazi mazuri zaidi ya mhusika huyu. Vile vitabu sita vya Ben Reilly vina matoleo kadhaa mepesi na yenye furaha, hasa yaliyoandikwa na kuchorwa na Dan Jurgens, na mtu akivisoma bila hasira anaona kwamba Ben angeweza kudumu. Wasomaji wa wakati ule hawakumpa nafasi hiyo. Waliambiwa kwamba miaka ishirini ya mapenzi yao ilikuwa kwa mtu asiye yeye, wakakasirika, na kampuni ikaamua kurudi nyuma.

Hata kurudi nyuma kukacheleweshwa. Wahariri walipokuwa tayari kumaliza, mwisho wao ulisogezwa mbele ili usigongane na Onslaught, tukio kubwa la X-Men la mwaka 1996, na mhariri mkuu mpya, Bob Harras, akataka mpangaji wa njama yote awe Norman Osborn, mtu aliyezikwa mwaka 1973. Katika toleo la 75 la jarida la Spider-Man, Ben anakufa akimkinga Peter, mwili wake unageuka vumbi, na hivyo inathibitishwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa kloni. Mtoto wa Mary Jane anaripotiwa kufa wakati wa kuzaliwa, huku picha zikidokeza kwamba ameibwa, na dokezo hilo likaachwa hapo. Toleo hilo lina tarehe ya Desemba 1996. Mwezi huohuo Marvel iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, baada ya miaka ya kununua makampuni kwa mikopo na kujaribu kujisambazia majarida yake yenyewe kupitia Heroes World, kampuni ya usambazaji iliyoinunua.

Jambo lililomuudhi zaidi dada yetu halimo katika mkusanyo huu, ila linaufuata. Mwaka 1998 May alirudishwa hai, na tukaambiwa kwamba aliyekufa katika toleo la 400 alikuwa mwigizaji wa kike aliyefundishwa kujifanya yeye. «Yaani yule niliyemlilia alikuwa mtu wa kukodishwa?» aliuliza, na hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu la kumtetea mchapishaji. Mwaka 2007 ndoa yenyewe ilifutwa kwa mapatano na pepo Mephisto, kwa hoja ileile ya kwamba mume ni mzee. Mwalimu, mwenye mke na watoto wanne na ambaye bado anapanda baiskeli kwenda shuleni, alipendekeza kwamba wahariri hao wangefaa kuletwa Rungwe kwa wiki moja waone kama ndoa inamzuia mtu kupata mikasa.

Kuna jambo moja linalonitatiza katika hukumu yangu mwenyewe, na siwezi kuliacha. Mwaka 2009 Marvel waliwaita Tom DeFalco na Howard Mackie, waliokuwapo tangu mwanzo, wasimulie mkasa huu kwa matoleo sita tu, karibu na ulivyokusudiwa. Humo mtoto anarudi kwa wazazi wake na mafumbo yanafungwa. Tulitarajia kupata dhahabu iliyosafishwa. Tulichopata ni hadithi nadhifu inayokwenda mbio, ambamo hakuna anayekaa na mgonjwa, na Ben hapati nafasi ya kutangatanga mjini usiku bila jina. Uvivu wa matoleo yale marefu, ulioletwa na wauzaji, ndio uliowapa waandishi wazuri kurasa za kukaa na watu hao. Mwalimu alifurahi mno niliposema hivyo, na amekuwa akinikumbusha tangu siku hiyo.

Kwa anayefikiria kununua: mkasa wa mwaka 1975 haumo katika vitabu hivi kumi na kimoja, kwa hiyo utafute kwanza, maana bila huo kurudi kwa Ben hakuna uzito. Kisha nunua vile vitano vya Clone Saga kwa mpangilio wake, usome polepole hadi kifo cha May, na baada ya hapo usione aibu kuruka kurasa zozote anazotokea Judas Traveller. Katika vile sita vya Ben Reilly, chukua cha kwanza na cha mwisho. Vya kati azima kwa mtu kama unaweza. Marvel wameutoa mkasa huu upya katika majalada makubwa mazito, ila mzigo wa namna hiyo unaongeza nauli ya kifurushi, na aliye mbali na Dar es Salaam kama sisi apige hesabu ya usafiri kabla ya kuagiza. Nakala zilizotumika zinatosha kabisa, mradi muuzaji athibitishe kwamba kurasa zote zipo: kimoja cha kwangu kilifika bila kurasa za mwisho, na muuzaji, ambaye aliandika kwamba ni kizima, hajajibu ujumbe wangu hadi leo.