Tofali la kufungamana kwa darasa la shule ya msingi

Kamati ya ujenzi ya shule ikikaa kuchagua tofali, mara nyingi mezani huwa matatu: la kuchoma, la mchanga na saruji, na hili la kufungamana, linaloumana na lenzake ukutani, linalofyatuliwa kwa udongo na saruji kidogo bila kuonja tanuru. Hapa tunalipima hilo la tatu, saizi ya sentimita 30 kwa 15 kwa 10 inayohimizwa Tanzania na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, likifyatuliwa kwa mashine ya mkono.

Hesabu kwanza. Mita moja ya mraba hula matofali 33. Darasa la mita 9 kwa 7, kuta za mita 3, ukitoa milango na madirisha hubaki kama mita 80 za mraba. Weka 2,800 pamoja na ya kuvunjika. Pembetatu za ukuta zilizo chini ya paa hazimo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali 65 hadi 90 kutegemea udongo, yaani mifuko 31 hadi 43. Watu watano wenye mashine moja hufyatua 300 hadi 400 kwa siku. Akiba kubwa huja wakati wa kujenga, kwa kuwa kati ya kozi na kozi, yaani mstari mmoja wa matofali na mwingine, hakuna mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia). Tofali la kuchoma limeshakula kuni, na kwa kuwa halijanyooka hudai tabaka nene la mota kila kozi.

Yote hayo yanategemea udongo. Ondoa wa juu wenye mizizi, chekecha kwa wavu wa milimita 5, kisha jaza udongo mbichi kwenye kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4 na uuache kivulini hadi ukauke kabisa. Ukisinyaa chini ya milimita 15, sehemu 1 ya saruji kwa 16 za udongo inatosha. Ukisinyaa hadi 45, usizidishe sehemu 12 za udongo kwa 1 ya saruji. Ukipita 60, ongeza mchanga na upime upya. Maji hupimwa kwa kiganja: finyanga donge, liache lianguke kutoka usawa wa kifua. Likipasuka vipande vinne au vitano, sawa. Likitawanyika kama unga, ni kavu. Likibaki bonge, limelowa mno na tofali litanasa kwenye mashine. Ukishatia maji, zege hilo la udongo limalizike ndani ya nusu saa.

Kasoro tunayoiona zaidi ni umwagiliaji wa kulipua. Tofali linataka siku 7 chini ya nailoni, likimwagiliwa, kisha lipumzike hadi siku 28. Mafundi wanaolipwa kwa idadi ya matofali huyaanika juani siku ya pili. Kwa nje hayana tatizo, ila kona zake humeguka ukizikwaruza kwa ukucha.

Kozi ya kwanza ndiyo pekee inayolazwa kwenye mota, na hapo fundi asione aibu kutumia pima maji kila tofali. Ikipinda milimita 5, hakuna mota ya kuficha kosa huko juu. Ukuta wa sentimita 15 wenye urefu wa mita 9 hausimami peke yake: weka vijinguzo kila mita 3 na lenta, yaani mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta, izunguke jengo lote. Kisha piga plasta mahali pawili tu: ukuta wa ubao, maana mifereji ya viungo huivuruga chaki, na mita moja ya chini ndani, panaposuguliwa na madawati na viatu. Ukipiga plasta kuta zote ndani na nje, umeirudisha dukani saruji uliyookoa.

Adui wa ukuta huu ni mvua inayopigwa na upepo, kwa hiyo paa litokeze walau sentimita 90, na msingi uinuke sentimita 30 juu ya ardhi. Somo bora liko Gando, Burkina Faso, kwenye shule ya msingi iliyobuniwa na msanifu majengo Diébédo Francis Kéré, iliyokamilika 2001 na kupata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo 2004. Mabati yake yameinuliwa kwa kenchi za nondo za kawaida juu ya dari ya matofali, hewa ya moto ikapita katikati. Ukiiga, funga kenchi hadi kwenye lenta. Paa lililoinuliwa hudakwa na upepo kama mwavuli. Kuta ndefu za darasa zitazame kaskazini na kusini, jua la jioni lisiingie madirishani. Dari ya matofali pia hupunguza kelele za mvua, ambayo kwenye bati tupu humnyamazisha mwalimu.

Mahali pa kulikataa tofali hili ni kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi. Ukianza kusomba udongo mwekundu kwa lori kutoka mbali, tofali la mchanga na saruji linaweza kuwa rahisi zaidi.